Intaneti imekatika kwenye Linux: tafuta kosa kabla ya kupakia mfumo upya

Jumamosi moja usiku mdogo wangu alifika kwangu Katuba, laptopu kwapani, flashi ya Ubuntu mkononi. "Yaya, Linux imekufa. Nataka kuipakia upya." Simu yake ilikuwa inashika waifai ileile bila tabu. Laptopu nayo ilionyesha imeshikana na waifai, ila kila ukurasa ulimtolea onyo kwamba muunganisho si salama. Nikamwambia aandike neno moja tu, `date`. Mashine ikajibu kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2012.

Kilichotokea kinaelezeka. Siku ya kupakia Linux alichagua saa za Kinshasa, saa ikawa nyuma kwa saa moja. Badala ya kubadilisha eneo, akazima urekebishaji wa saa wa kujiendesha, akasogeza mshale kwa mkono. Laptopu yenyewe ilishatumika Ulaya kabla ya kufika hapa Lubumbashi, na kale kabetri ka duara kanakotunza saa, ka CR2032, kalishakufa. Ikaja delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ya siku nzima, betri kubwa ikaisha, saa ikarudi mwanzo. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kwa mashine iliyoamini kuwa ni mwaka 2012, karibu vyeti vyote vilikuwa bado havijazaliwa. Amri mbili zilitosha, na nitazitaja mbele. Flashi ikarudi mfukoni.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watu kama yeye: una Linux nyumbani, iwe Ubuntu, Mint au Debian, intaneti imegoma, na mkono unawasha kufuta kila kitu. Karibu kila mara kosa linaweza kupatikana ukitembea kutoka karibu kwenda mbali: kadi ya mtandao ya kompyuta, waifai au kebo, ruta, mnara wa kampuni, kisha dunia. Nina sharti moja tu. Gusa kitu kimoja, pima, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na intaneti ikarudi, hutajua ni kipi kilichoponya. Isiporudi, sasa una makosa sita.

Kwanza nje ya Linux

Chukua simu, zima mega zake (data ya laini), uache waifai peke yake. Hatua ya kuzima mega watu huiruka, halafu simu inawadanganya: waifai imekufa lakini WhatsApp inaendelea kupita kwa laini. Simu ikikosa intaneti kwenye waifai hiyo, Linux haina kesi. Tazama ruta.

Kama umeme umerudi sasa hivi, subiri. Ruta ya 4G huhitaji dakika mbili tatu kuamka, kutafuta mnara na kupewa anwani. Taa za nyumbani zikififia na kung'aa, ujue umeme ni mdogo, na ruta inaweza kuwa inajizima na kujiwasha bila wewe kuona. Iweke kwenye betri au kwenye kidhibiti umeme, upime tena.

Halafu swali la aibu: mega zipo? Kifurushi kikiisha, waifai hubaki imewaka, alama inabaki imejaa, hakuna kinachofunguka. Njia ya kuthibitisha kutoka Linux ni hii, iandike kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

`curl -I http://example.com`

Ukiona `200` kwenye mstari wa kwanza, njia iko wazi. Ukiona `302` na mstari wa `Location` unaokupeleka kwenye tovuti ya kampuni yako, kompyuta ni nzima, nenda kanunue yunite.

Je, kadi ipo na iko macho?

Fungua terminali, andika:

`ip link`

Utaona orodha ya milango. `lo` ni ya mashine kujisemesha yenyewe, iache. Jina linaloanza na `en` ni kebo, linaloanza na `wl` ni waifai. Pengine `wlp2s0`, pengine jina refu linaloanza na `wlx` kama unatumia kadi ya USB. Katika mifano yangu nitaandika `wlp2s0`, wewe weka la kwako.

Jina la `wl` lipo lakini waifai haiwaki? Uliza kama imefungwa:

`rfkill list`

`Soft blocked: yes` maana yake programu imeifunga, na `rfkill unblock wifi` huifungua. `Hard blocked: yes` ni kitufe cha mashine yenyewe: swichi ndogo ubavuni, au Fn pamoja na kitufe chenye picha ya antena. Hapo hakuna amri itakayosaidia, tafuta kitufe. Nimeona mtu akihangaika wiki mbili kwa sababu mtoto alisukuma swichi hiyo.

Jina la `wl` halipo kabisa? Basi Linux haina draiva (programu ya kuendesha kadi), au haina faili za kuamsha kadi. Angalia (neno `sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, na huomba neno lako la siri):

`lspci -nnk | grep -A3 -i network`

`sudo dmesg | grep -i firmware`

Ukiona Broadcom, hasa zile za BCM43 kwenye laptopu za zamani, hilo ni gonjwa linalojulikana. Kwenye Ubuntu na Mint, `sudo ubuntu-drivers install` mara nyingi hulimaliza. Kwenye Debian, tangu toleo la 12 la mwaka 2023, faili nyingi za kuamsha kadi huja ndani ya flashi rasmi ya kupakia mfumo. Matoleo ya kabla ya hapo yalikuacha ujitafutie.

Utasema: nitapakuaje draiva bila intaneti? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio, washa ugawaji wa intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama kadi ya kebo, bila draiva yoyote. Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na inafaa pia kwa kupima: simu kwa waya ikikubali na waifai ikakataa, kosa umelifungia kwenye waifai.

Kama kompyuta hiyohiyo ina Windows pembeni, kuna kisa kingine. Windows ikizimwa kwa namna yake ya kuwaka haraka, hailali kikamilifu, na kadi inaweza kubaki imeshikwa. Zima mpangilio huo ndani ya Windows, au chagua kuanzisha upya badala ya kuzima.

Neno la siri, na balaa la kibodi

Kadi iko macho, waifai inaonekana, lakini inakataa neno la siri ambalo simu inalikubali. Usikimbilie kusema Linux ina kichwa kigumu. Tazama kibodi.

Laptopu nyingi za mji wetu zina kibodi ya AZERTY, na AZERTY hazifanani. Ya Ufaransa na ya Ubelgiji zina herufi mahali pamoja, ila alama zinatofautiana. Tazama kitufe cha 6. Kama kina alama ya `§`, ni ya Ubelgiji. Kama kina kistari `-`, ni ya Ufaransa. Ukiwa na ya Ubelgiji huku Linux inaamini ni ya Ufaransa, herufi zote zitatoka sawa, utajiamini, kisha `@` au `-` ndani ya neno la siri itatoka kitu kingine, na wewe unaona nukta nyeusi tu. Na kama Linux inaamini kibodi ni QWERTY, hata A itakuwa Q, na tarakimu ulizobonyeza pamoja na Shift zitatoka alama.

Dawa: fungua daftari lolote la kuandikia, andika neno la siri pale waziwazi, ulisome. Likiwa sahihi, linakili na kulibandika kwenye sanduku la waifai. Lisipokuwa sahihi, rekebisha kibodi kwenye mipangilio kwanza. Ukitafuta alama ya `|` ninayoitumia humu, ya Ufaransa iko kwa AltGr na 6, ya Ubelgiji kwa AltGr na 1.

Wakati mwingine Linux imehifadhi neno la zamani na inalirudia bila kukuuliza. Lifute uanze upya:

`nmcli connection show`

`nmcli connection delete "JinaLaWaifai"`

`nmcli --ask device wifi connect "JinaLaWaifai"`

Ile `--ask` huiambia ikuulize neno la siri, ili lisibaki limeandikwa kwenye historia ya terminali.

Nguvu ya mawimbi utaiona kwa `nmcli device wifi list`, safu ya `SIGNAL`. Chini ya 30 usilaumu kitu kingine. Kuta zetu za matofali ya kuchoma ni nene, milango ya chuma na mabati havipitishi mawimbi vizuri, na ruta huwa imefichwa nyuma ya televisheni ili isiibiwe. Ruta ya 4G inataka dirisha. Na kama inatoa masafa mawili, ya 5 GHz ni ya haraka lakini hufa kwenye ukuta wa pili, ilhali ya 2.4 GHz huvumilia.

Waifai inayolegea umeme ukikatika

Hili nalipa nafasi yake, kwa kuwa kwetu ni la kila juma. Ruta iko kwenye betri, haijazimika. Umeme unakatika, laptopu inahamia betri yake, na mara waifai inaanza kukwama na kukatika. Watu husema mnara nao umezimika. Pengine kweli. Lakini huenda ni Linux inayobana matumizi: ikiwa kwenye betri, inaweza kuilaza kadi ya waifai kila inapopata nafasi, na kadi nyingine haziamki vizuri. Uliza:

`iw dev wlp2s0 get power_save`

Ikijibu `on`, izime kwa muda:

`sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`

Kaa dakika kumi. Ikitulia, umempata mwizi. Ili isirudi, unda faili `/etc/NetworkManager/conf.d/waifai-macho.conf` na uandike ndani yake:

`[connection]`
`wifi.powersave = 2`

Namba 2 ni kuzima, 3 ni kuwasha. Kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`, ile programu inayosimamia miunganisho. Angalia kama folda hiyo tayari ina faili ya `default-wifi-powersave-on.conf`. Kama ipo, badilisha 3 iliyomo iwe 2, usiunde faili la pili litakalogombana nayo. Wenye TLP, programu ya kubana matumizi ya betri, waweke pia `WIFI_PWR_ON_BAT=off` katika `/etc/tlp.conf`. Betri itapungua mapema kidogo. Mimi nakubali bei hiyo.

Anwani na njia

`ip a`

`ip route`

Amri ya kwanza ikionyesha `inet 192.168.` na namba zake chini ya `wlp2s0`, ruta imekupa anwani. Ikionyesha `169.254.`, uliomba ukakosa, na kompyuta ikajipachika anwani yake mwenyewe. Zima na uwashe ruta, ujiunge tena. Ruta ndogo za mfukoni hukubali wageni wachache, na watoto wa jirani wakishaijaza, hakuna kiti kwako.

Amri ya pili ndiyo yenye siri. Tafuta mstari wa `default via`. Usipokuwepo, kompyuta haijui mlango wa kutokea. Ukiwepo mara mbili, soma namba ya `metric` mwishoni: ndogo ndiyo inayoshinda. NetworkManager huipa kebo 100 na waifai 600. Kwa hiyo ukiwa na waifai nzima, halafu ukachomeka kebo inayoishia kwenye kifaa kisicho na intaneti lakini kinachogawa anwani, mizigo yote inaweza kupelekwa kwenye kebo, na kila kitu kikafa huku alama ya waifai ikiwa imejaa. Chomoa kebo, basi.

Ping tatu

Sasa tunatembea. Amri ya `ping` hubisha hodi kwenye mashine nyingine na kupima muda wa jibu. Chukua namba iliyo baada ya `default via`, tuseme ni 192.168.1.1:

`ping -c 4 192.168.1.1`

`ping -c 4 1.1.1.1`

`ping -c 4 example.com`

Ya kwanza ikishindwa, shida iko kati yako na ruta: rudi kwenye mawimbi, anwani au kebo. Ya kwanza ikipita na ya pili ikishindwa, ruta haifiki nje: mega, mnara, antena au kampuni. Mbili za mwanzo zikipita na ya tatu ikasema `Échec temporaire dans la résolution du nom`, intaneti unayo. Kilichokosekana ni DNS, yule mtu wa kugeuza majina kuwa namba.

Tazama pia muda, si kupita tu. Ping ya ruta kwa kawaida huwa milisekunde chache. Ikiruka kutoka 3 hadi 400, waifai yako ni mgonjwa hata kama hakuna pakiti iliyopotea.

Na kama Linux yako inakusemesha Kifaransa, ukitaka kutafuta ujumbe wa kosa kwenye mtandao, tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya amri. Ujumbe utatoka kwa Kiingereza, na majibu utakayopata ni mengi zaidi.

DNS

Kwenye Ubuntu na Mint, `resolvectl status` itakuonyesha unamuuliza nani majina. Wengi hufungua `/etc/resolv.conf`, wanaona 127.0.0.53, wanashtuka, wanaifuta. Iache. Hiyo ni Linux ikijiuliza yenyewe kwanza, na faili hilo huandikwa upya mara kwa mara, kwa hiyo unachokiandika kwa mkono hakitadumu. Badilisha mahali panapotakiwa:

`nmcli connection modify "JinaLaWaifai" ipv4.dns "1.1.1.1 9.9.9.9" ipv4.ignore-auto-dns yes`

`nmcli connection up "JinaLaWaifai"`

Ukitaka kurudi ulikotoka: `ipv4.dns ""` na `ipv4.ignore-auto-dns no`. Kumbuka kurudi unapojiunga na waifai inayokutaka uingie kwanza kupitia ukurasa wake, maana ukurasa huo mara nyingine hautokei ukiwa na DNS ya kujiwekea.

Saa

Ping zote tatu zinapita, kivinjari kinalia kuhusu usalama, au `apt` inasema faili bado halijaanza kutumika. Hiyo ni saa.

`timedatectl`

Soma `Time zone`, kisha `System clock synchronized`, kisha `NTP service` (urekebishaji wa saa wa kujiendesha). Halafu:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`

`sudo timedatectl set-ntp true`

Ndiyo, mji wetu umo ndani ya kila Linux kwa jina lake. Subiri dakika moja, saa itajirekebisha. Ukiona iko mbele au nyuma kwa saa mbili kila ukitoka Windows, ni kwa sababu Windows huhifadhi saa ya hapa kwenye mashine, Linux huhifadhi ya kimataifa, na sisi tuko saa mbili mbele ya hiyo.

Modemu ya USB

Modemu nyingi za kuchomeka hujitambulisha kwanza kama CD, kwa ajili ya Windows, ndipo zigeuke modemu. Kama `lsusb` inaonyesha Huawei yenye `12d1:1f01`, bado ni CD. Pakia `usb-modeswitch`, chomoa, chomeka. Ikigeuka `12d1:14dc`, itaonekana kama kadi ya kebo, na ukurasa wake uko 192.168.8.1. Zile zisizo na ukurasa huonekana kwa `mmcli -L`, nazo zinataka uandike APN, yaani jina la mlango wa intaneti wa kampuni yako. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB cha bei rahisi kisichotoa umeme wa kutosha.

Kurasa ndogo zinafunguka, kubwa zinakwama

Ping inapita, tovuti nyepesi zinakuja, nzito zinazunguka bila kufika. Huenda pakiti zako, vile vipande vya data vinavyosafiri, ni nene kuliko njia. Jaribu:

`ping -c 3 -M do -s 1472 1.1.1.1`

Namba 1472 ukiongeza 28 za bahasha unapata 1500, unene wa kawaida. Ikikataa, shusha: 1452, 1420, 1392, mpaka ikubali. Ongeza 28 kwenye iliyokubali, hiyo ndiyo MTU yako, yaani unene wa juu wa pakiti. Kama ilikubali 1392:

`nmcli connection modify "JinaLaWaifai" 802-11-wireless.mtu 1420`

Kisha washa tena muunganisho kwa `nmcli connection up`.

Intaneti ni nzima, ila mega zinaisha

Ubuntu hupakua masasisho bila kukuuliza, na anayelipa kwa mega huligundua hilo asubuhi. Iambie kwamba unalipa kwa kipimo:

`nmcli connection modify "JinaLaWaifai" connection.metered yes`

`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Kujua nani anakula sasa hivi, pakia `nethogs` na uiwashe kwa `sudo nethogs wlp2s0`. Masasisho usiyaache milele. Yafanye siku ukiwa mahali penye intaneti isiyohesabiwa.

Ukibidi kupigia kampuni

Ukisha kuthibitisha kwamba ping ya ruta ni safi na ya nje inakatika, kazi yako kwenye Linux imeisha. Lakini ukimwambia wakala "intaneti ni mbaya," atakujibu uzime na uwashe. Mpe saa na dakika. Acha hii iendelee usiku kucha:

`LC_ALL=C ping -D -i 10 -O 1.1.1.1 | tee ~/ping.txt`

`-D` huweka muda kwenye kila mstari, ingawa kwa sekunde zilizohesabiwa tangu mwaka 1970. Chukua tarakimu zilizo kabla ya nukta, uzigeuze kwa `date -d @` ukizifuatisha palepale bila nafasi. `-O` huandika kila pakiti isiyojibiwa, na `-i 10` hutuma moja kila sekunde kumi. Pakiti moja kwenda na kurudi ni baiti 168, kwa hiyo siku nzima itakugharimu kama mega moja na nusu. Asubuhi, `grep -c "no answer" ~/ping.txt` itakuhesabia zilizopotea. Hizo na saa zake ndizo za kumsomea wakala.